Mshika Maiki

Mjomba wa bibi harusi alipewa dakika mbili, na sasa anaingia ya saba. Ameshasimulia alivyomnunulia mpwa wake begi la kwanza la shule, amefika kwenye historia ya ukoo, na macho ya mpishi pale mlangoni yanasema wali unapoa. Hapo ndipo mshereheshaji hodari anapojulikana. Hamkatizi mzee. Wala hana haja ya kumnyang'anya maiki, kwa sababu hakumwachia tangu mwanzo: ameishika mwenyewe, mkono umenyooka chini ya kidevu cha mjomba, mwili ameuinamisha kidogo kwa adabu. Anasubiri pumzi. Mtu yeyote anayezungumza, hata awe na maneno kiasi gani, hufika mahali akavuta pumzi, na wazee wengi huivuta baada ya kumtaja Mungu au kumtaja marehemu. Papo hapo mshereheshaji anasema, kwa sauti ya chini kuliko ya mjomba, "Amina, mjomba wetu," huku mkono wake wa kushoto ukimwonyesha DJ kidole kimoja. Wimbo unaingia, mashangazi wanapiga vigelegele, mjomba anakumbatiwa na kusindikizwa kitini akiwa ameshiba heshima. Hakuna aliyeona kwamba amenyamazishwa. Yeye mwenyewe kesho atasimulia jinsi hotuba yake ilivyopokewa.

Nimekaa kwenye kumbi nyingi za Dar es Salaam, mara mwalikwa, mara mwanakamati, mara ndugu wa damu, na kadiri miaka inavyokwenda ndivyo macho yangu yanavyowaacha maharusi na kumfuata huyu mtu mwenye maiki. Katika kazi zote za kuishi kwa kinywa zilizopo nchini, hii ndiyo ninayoistahi kuliko zote. Wapo wahamasishaji wanaojaza kumbi kwa kufundisha njia za mafanikio, wapo wakufunzi wa semina, wapo mawakili na wanasiasa. Wote hao hupanda jukwaani ili wasikilizwe wao. Mshereheshaji wa harusi hulipwa ili wasikilizwe wengine: baba ambaye hajawahi kushika maiki maishani, shangazi mwenye aibu, bwana harusi ambaye ulimi umemkauka. Usiku ukiisha watu wakawa hawakumbuki sentensi yake hata moja, ila wanakumbuka machozi ya baba na kicheko cha shangazi, huyo amefanya kazi ya juu kabisa.

Na ni kazi kweli, yenye ngazi zake. Wengi huanzia chini ya turubai, kwenye viti vya plastiki na spika moja ya kuazima: mahafali ya shule ya msingi, kipaimara cha mtoto wa jirani, siku ya kwaya parokiani. Malipo ni sahani ya pilau na asante. Huko ndiko mtu anakojifunza kwamba watoto hawanyamazi kwa kukemewa, kwamba upepo unakula sauti, kwamba wazee waliokaa nyuma wakianza kuongea wao kwa wao basi maneno yako yameshakuwa marefu. Baadaye inakuja sendofu, ambayo ni ya upande wa bibi harusi na watu wake ni wa nyumbani, wanasamehe. Ndipo harusi yenyewe, ambako koo mbili zinapimana. Juu ya hapo kuna hafla za kampuni, uzinduzi wa bidhaa na makongamano, ambako malipo ni mazuri zaidi na vicheko ni vichache.

Wengine waliingia kwa mlango wa redio. Sheria ya utangazaji ya 1993 ilipofungulia vituo binafsi, Radio One ikaanza 1994, Clouds FM ikaja mwishoni mwa muongo huo, na mtangazaji ambaye sauti yake inasikika asubuhi sebuleni kwa watu akawa ndiye wanayemtaka kwenye harusi ya binti yao. Ni njia halali. Lakini studio haina mjomba wa dakika saba, na nimewaona watangazaji wazuri wakipotea mbele ya waalikwa mia tatu wenye njaa.

Ngazi hiyo haipandwi kwa cheti. Inapandwa kikaoni. Anayeijua Dar es Salaam anaijua kamati ya harusi: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, vikao vya kila wiki, daftari la ahadi lenye majina ya waliotoa na ya waliokwisha kupigiwa simu mara tatu. Suala la MC likifika mezani, swali huwa moja tu: amefanya shughuli ya nani? Hapo mtu mmoja anasema, "Yule wa sendofu ya kina Mushi mwezi uliopita, alitulia sana yule," na neno hilo, "alitulia", linapita kuliko video yoyote ya kujitangaza. Ndani ya ukumbi mmoja wa Jumamosi moja kuna wanakamati wa harusi nyingine nyingi zijazo, wamekaa wanakula, wanatazama. Mshereheshaji anafanya kazi ya leo huku akifanyiwa usaili wa kazi za miezi sita ijayo, na hajui msaili wake amekaa meza gani. Ndiyo maana wale ninaowaheshimu hawana shughuli ndogo. Kipaimara cha watu arobaini uani Kimara wanakivalia suti na kukifikia saa mbili kabla.

Sehemu kubwa ya ufundi huu, hata hivyo, mwalikwa haioni kamwe, kwa sababu inafanyika katikati ya wiki. Mshereheshaji makini huwaomba maharusi saa moja, kila mmoja peke yake, na daftari. Anauliza majina, na jinsi yanavyotamkwa. Mtu anayeitwa Ng'wandu hataki kuitwa Wandu mbele ya wakwe, na Rweyemamu akikatwakatwa vibaya upande mzima wa Bukoba unanuna. Siku hizi wengine humwomba katibu wa kamati awarekodie majina yote kwenye WhatsApp, wakayasikiliza kwenye daladala mpaka ulimi ukayazoea. Anauliza nani amefariki, na kama familia inapenda atajwe. Akitajwa, atatajwa mapema, kabla ya chakula, wala si dakika chache kabla ya muziki kufunguliwa, kwa sababu ukumbi ukilizwa unahitaji muda wa kujifuta. Anauliza mshenga ni nani, mjomba mkubwa ni yupi, na kama wazazi wanaishi pamoja.

Hilo la mwisho ndilo linalotenganisha mafundi na wapiga kelele. Niliwahi kumwona mmoja kwenye harusi ambayo bibi harusi alilelewa na bibi yake mzaa mama, na baba, ambaye kwa miaka mingi hakuonekana, alikuwa amerudi na ameketi meza ya wazazi. Ukumbi mzima upande wa kike ulilijua jambo hilo na ulikuwa umekaa kwa wasiwasi. Ratiba ilisema: utambulisho wa wazazi wa bibi harusi. Yeye akatulia kidogo, akasema: "Naomba wasimame wote waliomzaa na waliomlea binti huyu mpaka leo tukamwona amevaa shela." Bibi akasimama, akishikwa mkono na mjukuu mwingine. Baba akasimama. Mama akasimama katikati yao. Hakuna aliyepandishwa, hakuna aliyeshushwa, na vigelegele vilipoanza vilikuwa vya wote watatu. Sentensi moja. Nilimfuata baadaye kumuuliza kama ilimjia pale pale. Akasema aliiandika Jumatano, akaibadilisha mara kadhaa, akampigia simu bibi harusi kumsomea.

Mila nazo zinataka kusomwa upya kila wiki. Kwenye harusi ya Wachagga ndafu ataingia, mbuzi mzima aliyebanikwa, na kuna utaratibu wa nani anakatiwa kwanza na nani anamlisha nani. MC asiyeuliza wazee mapema atawapa wakwe nyama kwa mpangilio wa kuwatukana. Pwani na Zanzibar mambo yana sura nyingine: nikaha imekwisha mchana, sherehe ya wanawake iko peke yake, maiki iko mikononi mwa mwanamke, na yeye lazima ajue taarabu na ajue lini kutunza kunaanza ili asiseme neno. Kwenye kicheni pati somo au kungwi ana mamlaka makubwa kuliko mshereheshaji yeyote. Mwenye maiki akimwingilia katikati ya mafunzo, akina mama watamkumbusha nafasi yake.

Tuje kwenye saa, maana hapo ndipo ninapomstaajabia zaidi. Kadi inasema saa kumi na mbili jioni. Waalikwa wanaanza kuonekana saa mbili. Maharusi walikwenda kupiga picha ufukweni, msafara na matarumbeta yake umekwama kwenye foleni ya Mwenge, na wanaingia ukumbini saa tatu kasoro. Muziki unatakiwa uzimwe saa sita. Ratiba iliyochapwa ilipangiwa saa tano nzima. Zimebaki tatu na kidogo. Mshereheshaji inabidi agawe muda huo kama mama aliyepikia wageni kumi wakaja ishirini: kila mtu apate, na asiwepo anayeona kwamba sahani yake imepunguzwa.

Cha kwanza kukatwa ni maneno yake mwenyewe. Ile salamu ndefu aliyoiandaa, ule utani wa ufunguzi aliokuwa anautamani, vyote vinatupwa. Baada ya hapo anaunganisha. Badala ya kuwasimamisha mashangazi mmoja mmoja, anawaita wote kwa pamoja, lakini anamtaja kwa jina aliye mkubwa kuliko wote, na hilo linawatosha wengine. Zawadi, ambazo ndizo zinazomeza usiku, anaziita kwa makundi: wafanyakazi wenza wa maharusi, majirani, wana VICOBA, waliosoma nao. Mstari unatembea kwa muziki, hautembei kwa hotuba. Wakati watu wanahudumiwa chakula, anapenyeza yale matangazo ambayo yangesomwa kwa dakika kumi baadaye. Lakini kuna vitu havigusi hata saa ikimkimbiza namna gani. Neno la wazazi halikatwi. Maharusi kuingia hakuharakishwi, kwa sababu yule binti ametembea na picha hiyo kichwani tangu akiwa mdogo. Na chakula hakicheleweshwi, maana ukumbi wenye njaa hauna ustahimilivu wa aina yoyote.

Haya yote anayafanya pamoja na DJ, kwa vidole na kope. Wawili hawa wakijuana, unaweza kutazama usiku kucha usione walikozungumza. Na kabla ya yote, saa kumi na moja jioni, wapambaji wakiwa bado wanafunga vitambaa, utamkuta anazunguka ukumbi mtupu na maiki iliyowashwa, anatafuta mahali inapopiga mluzi. Inapiga mluzi pale anaposimama mbele ya spika, sauti ikatoka huko na kurudi tena kwenye maiki, ikazunguka mpaka inachoma masikio. Akishazijua sehemu hizo, hatazikanyaga usiku huo, na kama meza kuu iko kwenye moja yao, ataomba spika isogezwe sasa hivi, wala hatangoja baba mzazi asimame. Mfukoni ana betri za akiba. Ameshakula nyumbani, kwa sababu anajua kwamba zamu yake ya chakula huenda isifike. Maji anayokunywa si ya baridi.

Kuhusu vichekesho nina msimamo mkali. Tanzania ina utani, na utani ni hazina kubwa kwa mwenye maiki. Mpare na Mchagga wakioana, nusu ya kazi imeshafanywa na mababu: ubahili wa mmoja na mapenzi ya hela ya mwingine ni mali ya wote, na wakwe wenyewe watarushiana maneno kutoka meza hadi meza. Lakini utani una mwenyewe. Unataniwa na mtani wako, na mtani hanuni kwa sababu zamu yake inakuja. Mshereheshaji asiye mtani wa yeyote kati yao kazi yake ni kuwasha moto na kujitoa, akawaachia wenyewe. Anayeugeuza kuwa dharau kwa mwili wa bibi harusi, umri wa bwana harusi au unene wa mkwe, huyo hataniani na mtu. Anajitafutia kicheko kwa gharama ya familia iliyomlipa. Vivyo hivyo maneno ya chumba cha maharusi yanayosemwa mbele ya padri, mbele ya shehe, mbele ya baba mkwe. Ukumbi unacheka, ndiyo, lakini tazama meza ya wazazi: hawacheki, wanaangalia sahani. Na huyu anayedai makofi kila baada ya sentensi, "Makofi hayajatosha, makofi hayajatosha!", anakiri mwenyewe kwamba hakusema kitu cha kupigiwa. Wapo pia wanaotangaza kiasi kilichomo kwenye bahasha. Aliyetoa kidogo alichonacho na kuvaa nguo yake nzuri kuja kusherehekea hastahili kusomwa hadharani.

Wakubwa wa kazi hii hujulikana pia kwa shughuli zisizo na kicheko. Serikalini na kwenye makongamano kuna itifaki: nani anatajwa kwanza, nani anamkaribisha nani, mgeni rasmi anazungumza lini. Mkuu wa mkoa akituma mwakilishi dakika ya mwisho, mwenye maiki anabadilisha vyeo vyote kichwani bila kukohoa. Kisha kuna misiba. Ephraim Kibonde, mtangazaji wa kipindi cha Jahazi cha Clouds FM, alikuwa mmoja wa washereheshaji waliojulikana sana nchini, na mwanzoni mwa Machi 2019 alishika maiki Bukoba kwenye mazishi ya Ruge Mutahaba, bosi na rafiki yake. Aliugua huko huko, na tarehe 7 Machi alifariki Mwanza. Kumwongoza rafiki kaburini kwa sauti iliyozoeleka kwa raha, ukawapangia zamu ya kulia watu wengine huku yako umeiweka kando, ni jambo ambalo sina neno la kulipima.

Yote haya yana bei, na bei yake haieleweki kwa wanaosema "anaongea tu masaa manne". Harusi nyingi ni Jumamosi. Mwaka una Jumamosi 52. Kwaresima inachukua kama sita hivi, kwa kuwa wakati huo makanisa mengi hayana sherehe za ndoa. Ramadhani inachukua nyingine nne au tano. Desemba inajaa kupita kiasi, hasa kwa familia zinazorudi nyumbani mkoani Kilimanjaro, na Jumamosi moja haiwezi kufanywa mara mbili. Kila tarehe anayoipokea ni tarehe aliyomnyima mwingine. Ndiyo maana anadai kianzio siku ya makubaliano, na ndiyo maana harusi ikiahirishwa kianzio hakirudi. Kutoka humo atalipa suti, mafuta ya gari au bodaboda ya saa saba usiku, na kibali, maana BASATA, baraza la sanaa lililoundwa kwa sheria ya 1984, linawahesabu washereheshaji miongoni mwa wanaopaswa kusajiliwa. Sauti ikipotea kwa mafua wiki moja, wiki hiyo haina mshahara. Wenye kudumu ni wale wanaolala Ijumaa mapema na wanaojua kukataa shughuli ya tatu ndani ya siku mbili hata pesa ikiwa mezani.

Na bado kuna kamati zinazomlipa mpambaji yote, keki yote, ukumbi yote, halafu zikamwambia MC asubiri nje mpaka mweka hazina apatikane. Saa nane usiku mweka hazina amezima simu.

Basi wewe unayekaa kwenye kamati mwaka huu, nakuomba mambo manne. Mpe majina yote siku nne kabla, pamoja na yale magumu ya familia ambayo unaona haya kuyasema. Mchagulie mtu mmoja tu wa kumpa maelekezo ukumbini, si kamati nzima ikimnong'oneza kwa zamu. Mwekee sahani kabla waalikwa hawajaanza kupakua. Na salio lake umlipe mapema, maharusi wakiwa bado wapo njiani, taslimu au kwa simu, ili akishika maiki awe anafikiria familia yako peke yake.